Namna ya Kupima na Kupunguza Madhara ya Kuhamisha Maji ya Mto Kutoka Bonde Moja Kwenda Jingine

Mradi wa kuhamisha maji hutangazwa kwa tarakimu moja: asilimia ya maji ya mwaka itakayotolewa mtoni. Ukisikia "tunachukua robo tu", usikubali wala usikatae. Omba takwimu za kila siku. Mto hauishi kwa wastani wa mwaka. Samaki anayepanda mto kutaga mvua zinapoanza anategemea maji ya wiki ile ile, na wiki moja ya mkondo mkavu haifidiwi na mafuriko yatakayokuja miezi mitatu baadaye.

Mwongozo huu ni wa mtu anayepaswa kukagua mradi wa aina hiyo, uwe bado uko kwenye michoro au umeshaanza kufanya kazi: ofisa wa maji wa bonde, mshauri wa mazingira, jumuiya ya watumiaji maji.

Anzia mwisho wa mto

Chora ramani yenye sehemu tatu: bonde linalotoa maji, njia yenyewe (mfereji, bomba, handaki na mabwawa ya katikati), na bonde linalopokea. Kisha fuata mto unaotoa hadi pale unapoishia, iwe baharini, ziwani au kwenye kinamasi. Ripoti nyingi za tathmini hukoma kilomita chache chini ya banio, yaani mahali maji yanapotolewa mtoni. Hilo ni kosa, kwa sababu upungufu wa maji hujilimbikiza kadiri unavyoshuka: kila mtumiaji wa chini huendelea kuchukua fungu lake lile lile kutoka kwenye mto uliopungua, na wa mwisho kabisa ni delta au ziwa lisilo na msemaji.

Bahari ya Aral ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote. Mwaka 1960 ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 68,000. Maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yakaelekezwa kwenye mashamba ya pamba, sehemu yake kupitia Mfereji wa Karakum unaoyatoa nje kabisa kuelekea jangwa la Turkmenistan. Kufikia 1987 bahari ilikuwa imegawanyika vipande viwili. Chumvi yake, iliyokuwa gramu 10 hivi kwa lita, ilipanda kupita gramu 100 upande wa kusini, samaki wakaisha, na kitanda kilichobaki wazi kikawa chanzo cha vumbi lenye chumvi na mabaki ya viuatilifu. Ukaguzi uliofanywa karibu na banio usingeona lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo, kabla ya kupima chochote, andika kwa kila sehemu ya mto: ni nini kinategemea maji haya, na katika miezi ipi? Mazalia ya samaki, mikoko, visima vya kandokando, malisho ya bonde la mafuriko, ndege wa kinamasi. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia ni siku zipi za mtiririko zisiguswe.

Pata takwimu za siku, kisha zipange

Unahitaji mtiririko wa kila siku kwa miaka 20 au zaidi, katika mita za ujazo kwa sekunde, kutoka kituo kilicho karibu na mahali pa banio. Takwimu za mwezi hazifai, kwa sababu zinaficha siku kavu ndani ya mwezi wenye mvua moja kubwa.

Zipange kutoka kubwa hadi ndogo katika jedwali la kompyuta. Kila siku ipe namba ya nafasi yake, kisha gawanya namba hiyo kwa jumla ya siku ukiongeza 1. Miaka 20 ina siku 7,305. Siku iliyo nafasi ya 6,941 ndiyo inayokupa Q95, yaani mtiririko unaofikiwa au kuzidiwa katika asilimia 95 ya siku zote. Fanya hivyo kwa mwaka mzima, halafu rudia kwa kila mwezi peke yake. Jedwali la kila mwezi ndilo lenye kazi zaidi. La mwaka mzima linakupa picha tu.

Kama hakuna kituo, weka rula ya kusomea kina mahali ambapo mto umenyooka na kitanda hakihamihami. Pima mtiririko kwa mita ya mkondo, kifaa cha kupima mwendo wa maji: gawa upana wa mto katika vipande visivyopungua 20, na hakikisha hakuna kipande kinachobeba zaidi ya asilimia 10 ya maji yote. Pale kina kiko chini ya sentimita 75, pima mwendo mara moja kwenye sehemu ya 0.6 ya kina kutoka juu. Penye kina zaidi pima kwenye 0.2 na 0.8, uchukue wastani. Vipimo 10 hadi 12, vikianzia kiangazi hadi karibu na mafuriko, vinatosha kuanzisha mchoro wa uhusiano wa kina na mtiririko. Kosa la kawaida ni kupima maji yakiwa machache tu kwa kuwa ni salama kuingia, halafu kurefusha mstari wa mchoro hadi kwenye mafuriko kwa kukisia. Sehemu hiyo ya juu ikikosewa, kila hesabu ya maji ya mvua inakosewa nayo.

Hesabu inayofichua

Chukua mto wenye wastani wa mita za ujazo 12 kwa sekunde. Miezi minne ya mvua unapitisha wastani wa 26, miezi minane ya kiangazi wastani wa 5, na Q95 yake ni 2.5. Mradi unataka 3 kwa sekunde mwaka mzima, ambayo ni robo ya wastani kama ilivyotangazwa.

Wakati wa mvua, 3 hiyo ni asilimia 12 hivi ya mto. Kiangazi ni asilimia 60. Na siku mto unaposhuka hadi 2.5, mfereji una uwezo wa kumeza maji yote na bado usijae.

Sasa badili kanuni: mradi uchukue asilimia 20 ya maji yanayofika kwenye banio kila siku, si zaidi. Mvua unapata wastani wa 5.2, kiangazi 1, na kwa mwaka mzima wastani wa 2.4. Yaani mradi unapata asilimia 80 ya ulichoomba na mto haukauki hata siku moja. Bei yake ni ujenzi: mfereji lazima ubebe angalau 5.2 badala ya 3, na upande unaopokea unahitaji bwawa la kutunza maji ya mvua kwa ajili ya kiangazi. Ukubwa wake unapatikana kwa hesabu fupi. Ziada ya 2.8 kwa sekunde katika siku 122 za mvua ni mita za ujazo milioni 29.5 hivi, kabla ya kuongeza mvukizo. Katika utekelezaji utapata pungufu kidogo ya 2.4, kwa kuwa vilele vya mafuriko vitazidi uwezo wa mfereji, na hilo ni jema kwa mto.

Hesabu hii ndiyo ya kuweka mezani mapema, kwa sababu ukubwa wa mfereji na bwawa huamuliwa kwenye michoro. Mfereji mwembamba ukishajengwa, utalazimika kufanya kazi kiangazi ili ufikie lengo lake, hata sheria iseme nini.

Kikomo kiwe kipi?

Kanuni mbili za haraka hutumika sana pale utafiti wa kina haujafanyika. Ya kwanza ni ya mtafiti Tennant ya mwaka 1976: asilimia 10 ya wastani wa mwaka ni kiwango cha kunusurika kwa muda mfupi tu, 30 ni cha kuridhisha, 60 ni bora. Ilitokana na mito ya Marekani yenye hali ya hewa tofauti na ya kitropiki, na inatoa namba moja bapa, hivyo itumie kama onyo, usiitumie kama ruhusa. Nyingine, iliyopendekezwa na Richter na wenzake mwaka 2012, ndiyo ninayoiamini zaidi kwa kuanzia: mabadiliko ya mtiririko wa siku yasizidi asilimia 10 kwa ulinzi wa juu, wala 20 kwa ulinzi wa wastani. Ubora wake ni kwamba inalinda umbo zima la mwaka: kiasi, wakati, muda, marudio na kasi ya kupanda na kushuka.

Umbo hilo lina kazi kila mahali. Maji ya chini ya kiangazi huunganisha vidimbwi na kubeba oksijeni. Maji ya kwanza ya mvua huwapa samaki ishara ya kupanda. Mafuriko ya kawaida husafisha changarawe, husukuma mashapo na kuotesha miche ya miti ya kingo. Makubwa hujenga upya mkondo.

Mto Snowy wa Australia unaonyesha kinachotokea ukibakiza tone tu. Mradi wa Snowy Mountains, uliojengwa kati ya 1949 na 1974, ulichukua asilimia 99 hivi ya maji yaliyokuwa yakipita mji wa Jindabyne. Maji yaliyobaki hayakuwa na nguvu ya kusukuma mchanga, mimea ikavamia mkondo, na maji ya chumvi yakapanda kutoka mlangoni mwa mto. Makubaliano ya baadaye yaliweka lengo la kurudisha hadi asilimia 28. Ukipewa kiasi kidogo cha kurudisha mtoni, kigawe mara mbili: sehemu iwe mtiririko wa kila siku, sehemu iwekwe akiba kwa ajili ya mafuriko mafupi ya kusafisha kitanda. Kuyamwaga yote kwa kiwango kimoja mwaka mzima huacha mchanga pale pale.

Kasi ya kufungua na kufunga nayo iandikwe. Lango likifungwa ghafla, vifaranga vya samaki hukwama kwenye kingo za changarawe. Anza na kikomo cha kushuka kwa sentimita 5 kwa saa, ukipime mita mia chache chini ya banio, na usivuke sentimita 10.

Mto unaopokea huumia pia

Hapa ndipo tathmini nyingi zinapolegea, kwa dhana kwamba maji ya ziada ni neema. Mto uliozoea kukauka una viumbe vyake vinavyohitaji ukavu huo.

Handaki la Orange–Fish la Afrika Kusini, lenye urefu wa karibu kilomita 83, lilifunguliwa mwaka 1975. Mto Great Fish, ambao ulikuwa wa msimu, ukawa na maji mwaka mzima. Usubi wa spishi Simulium chutteri, ambao mabuu yake hushika kwenye mawe yenye maji ya kasi, ukachukua nafasi ya spishi zilizokuwapo, Simulium adersi na Simulium nigritarse, na kuanza kushambulia mifugo kwa wingi. Pamoja na maji walipita samaki wa mto Orange ambao hawakuwamo kule, akiwemo kambale, Clarias gariepinus.

Kwa mto unaopokea, pima mambo haya kabla maji hayajafika: idadi ya siku bila mtiririko kwa mwaka, joto la maji kila saa kwa kipimajoto kinachojirekodi, uchumvi kwa kipimo cha upitishaji umeme, tope, virutubishi, na upana na kina cha mkondo kwenye mikato ya kudumu, yaani mistari ya kupimia inayokata mto toka ukingo hadi ukingo, iliyowekewa alama za zege. Mikato hiyo ndiyo itakayoonyesha mmomonyoko. Maji yanayotoka bwawani yameacha mashapo yake nyuma, kwa hiyo huchimba kingo na kitanda ili kubeba mengine. Kama mtiririko wa kiangazi utaongezeka mara kadhaa, tegemea mto kupanuka kwa miaka, na usiruhusu ujenzi wa kudumu ukingoni hadi utulie.

Angalia pia tundu la bwawa linalotoa maji. Likiwa chini sana, maji hutoka baridi na bila oksijeni ya kutosha, na samaki wa maji ya uvuguvugu huacha kutaga. Dawa ni mnara wa kuchotea wenye malango katika vina mbalimbali, ili uchague tabaka. Kuuongeza baada ya bwawa kujaa ni kazi ngumu na ghali mno.

Ukitaka kuzuia usubi na kulinda viumbe vya msimu, rudisha kiangazi: punguza au simamisha maji yanayoletwa kwa siku kadhaa mfululizo katika miezi ambayo mto ulikuwa ukikauka, ili mabuu yabaki juu ya mawe makavu. Hilo linawezekana tu kama watumiaji wana akiba ya kuwavusha.

Viumbe wanaosafiri na maji

Kati ya madhara yote, hili ndilo lisilorudishwa nyuma. Mtiririko unaweza kuurekebisha kwa lango. Spishi ikishaota mizizi katika bonde jipya haitoki. Kwa hiyo bajeti ikiwa finyu, ianzie hapa.

Tengeneza orodha mbili, moja kwa kila bonde: samaki, konokono na kome, mimea ya maji, vimelea na magonjwa ya samaki, mwani wenye sumu. Kilichomo upande unaotoa na hakimo upande unaopokea ndicho cha kushughulikia. Sampuli za maji za kutafuta vinasaba vya viumbe husaidia kunasa spishi adimu ambazo nyavu hazizipati, lakini chukua katika misimu yote miwili. Kagua pia iwapo kuna spishi ndugu katika mabonde haya mawili: zikikutana zinaweza kuchanganyika, na ile ya asili ikapotea bila mtu kuona.

Kwenye banio weka kichujio. Kwa kulinda vifaranga, viwango vya Marekani vya samaki aina ya salmoni vinataka matundu yasiyozidi milimita 2.4 kwa bati lililotobolewa, au mianya ya milimita 1.75 kwa fito, na mwendo wa maji kuelekea kichujio usiozidi mita 0.12 kwa sekunde. Eneo linapatikana kwa kugawanya: mita za ujazo 3 kwa sekunde ukigawa kwa 0.12 ni mita za mraba 25 za kichujio kilichozama, kwa 5.2 ni mita za mraba 43. Usihesabu nguzo na fremu. Weka brashi inayojiendesha au hewa ya kusafishia, kwa sababu majani yakiziba nusu ya eneo, mwendo katika nusu iliyobaki huongezeka maradufu na samaki hubanwa kwenye bati.

Ila kichujio hicho hakizuii mayai madogo, mabuu, mbegu wala vimelea. Mabuu ya kome ni sehemu ndogo ya milimita. Kome wa dhahabu, Limnoperna fortunei, ameenea katika njia ya kati ya mradi wa China wa kupeleka maji kutoka kusini kwenda kaskazini, uliofunguliwa mwaka 2014, akishika kwenye kuta za mfereji. Chicago nako, mfereji uliofunguliwa mwaka 1900 uliunganisha Maziwa Makuu na bonde la Mississippi. Kome wa zebra walishuka kupitia hapo, na tangu 2002 kuna kizuizi cha umeme ndani ya maji kujaribu kuwazuia samaki vamizi. Kizuizi hicho hakina la kufanya kwa kiumbe kinachoelea tu.

Pale hatari ni kubwa, njia ya kuaminika ni kutibu maji kabla hayajavuka mgawanyo wa mabonde: kuchuja, kisha klorini au mionzi ya urujuanimno, yote ndani ya bomba lililofungwa. Suala hilo ndilo lililoipeleka Manitoba, jimbo la Kanada, mahakamani mwaka 2002 kupinga mradi wa jimbo la Marekani la North Dakota wa kupeleka maji ya mto Missouri katika bonde la Hudson Bay, na utibabu upande wa Missouri ukawa sehemu ya mradi. Kwa maji ya kumwagilia yanayopita mfereji wa wazi gharama hiyo haivumiliki, na hapo uamuzi wa kweli ni iwapo maji yahamishwe kabisa.

Andika masharti ambayo lango linaweza kuyatii

Sharti linalomtegemea mtu kukumbuka kufungua lango usiku wa kiangazi halitadumu. Lijenge ndani ya zege: tundu la maji ya mto liwe chini kuliko kizingiti cha mfereji, lenye ukubwa wa kupitisha mtiririko wa chini uliokubaliwa, ili mfereji upate maji pale tu mto ulipokwisha kupata yake. Kituo cha kupimia kiwe chini ya banio, si juu, na usomaji wake uonekane kwa umma kila siku.

Lengo liambatane na hatua. Katika ziwa Mono la California, uchukuaji wa maji ya vijito vyake kwa ajili ya Los Angeles ulianza 1941. Kufikia 1982 ziwa lilishuka mita 14 hivi na chumvi yake ikaongezeka maradufu. Uamuzi wa mwaka 1994 uliweka lengo la uso wa ziwa kufika mita 1,948 juu ya usawa wa bahari, na kiasi cha maji kinachoruhusiwa kuchukuliwa kila mwaka hutegemea kimo cha uso huo tarehe 1 Aprili. Mpango huo umeokoa ziwa, lakini lengo lenyewe bado halijafikiwa. Andika basi na tarehe: lengo lisipofikiwa ndani ya miaka kadhaa, uchukuaji ushuke wenyewe bila kikao kipya.

Ufuatiliaji uanze angalau miaka miwili kabla ya maji kuhamishwa, katika mito mitatu: unaotoa, unaopokea, na wa tatu usioguswa ulio jirani. Bila huo wa tatu hutaweza kutofautisha ukame na mradi. Katika kila kituo kusanya wadudu wa majini kwa wavu wa mikroni 500, ukipiga teke mawe kwa dakika 3, mwezi ule ule kila mwaka, mtiririko ukiwa wa kiwango kinacholingana. Sampuli iliyochukuliwa siku chache baada ya mafuriko huonyesha umaskini ambao si wa mradi.

Kama mradi umeshaanza

Fuata mpangilio wa gharama. Kubadili ratiba ya malango hakuhitaji ujenzi, hivyo anza na kasi ya kufunga na kuacha mvua za kwanza zipite zote. Baadaye tundu la maji ya mto, kichujio, na mwisho mnara wa kuchotea.

Maji ya kurudisha yakiwa machache, chagua mahali pa kuyamwaga. Mwaka 2014 mto Colorado ulipewa mita za ujazo milioni 130 hivi kwa wiki nane ili zifike kwenye delta yake kavu huko Meksiko. Sehemu kubwa ilizama kwenye mchanga mkavu wa juu. Mwaka 2021 maji yalipitishwa katika mifereji ya umwagiliaji hadi kwenye maeneo ya upanzi, yakiruka sehemu hiyo yenye mchanga. Kwa hiyo chimba kwanza mashimo ya kupimia maji ya ardhini kando ya mto, na uyapeleke maji yako pale ambapo maji hayo ya ardhini bado yanafikiwa na mizizi.